Safu Isiyo na Namba

Jumapili ya kwanza ya muhula walituletea fomu mpya.
Safu ya alama imeng'olewa kama jino,
na penye pengo pameandikwa: Mweleze mtoto.

Mweleze mtoto!
Miaka ishirini na sita nimewaeleza kwa kalamu nyekundu,
saba juu ya kumi, nne juu ya kumi,
na wazazi wa Ibra wakanielewa vizuri:
mwenye tisa alinunuliwa baiskeli,
mwenye nne alinunuliwa kimya.

Vikaja na vishikwambi, thelathini, ndani ya maboksi.
Jina hilo nimelipata kwa binamu yangu wa Unguja.
Shuleni twasema Kiarabu,
ila hesabu, Mungu anisamehe, bado nazipiga kwa Kiswahili,
kimoyomoyo, kama mama akipima unga.
Kijana wa wizara alitusemesha siku mbili, viyoyozi vikinguruma:
mtoto mzima, akili na mikono na moyo.
Niliandika yote. "Mzima" nikalipigia mstari.
Kwani tuliowafundisha zamani walikuwa nusu?

Darasa la nne B yumo Muhanna bin Khalfan.
Kwa kalamu yangu alikuwa tatu. Siku njema, nne.
Kofia upande, kanzu ina doa la grisi,
baba yake ana gereji barabara ya Sinaw.

Tulipanda bamia nyuma ya maabara,
tukachomeka kihisi udongoni, waya mwembamba, taa ya kijani,
na kila asubuhi vishikwambi vikatwambia:
unyevu upo, msimwagilie.
Siku nne tukatii.
Rayya akachora grafu ya buluu, ya kutia fremu.
Bamia zikainamisha shingo.

Muhanna hakuchora kitu.
Alipiga goti, akazamisha kidole hadi kifundo cha pili
kando ya mche, akakitoa kikavu kama kijiti cha udi.
"Mwalimu, kinasema uongo."
"Kipi, kidole au chombo?"
Akacheka. Akaufuata waya kwa mikono
mpaka pembeni, chini ya bomba la kiyoyozi,
tone,
tone,
pale kihisi kilipokuwa kimejilaza kwenye tope la shubiri moja
kikitupa habari za dimbwi lake.

Rayya alilia. Grafu yake ilikuwa safi.
Nilitaka kumwambia neno, nikalikosa.
Ilikuwa safi kweli.

Usiku, watoto wangu wamelala, chai imeganda utando,
nikaifungua fomu. Mweleze mtoto.
Kwa Kiarabu yakanitoka maneno ya semina,
mtafiti, mshiriki, mbunifu,
mkanda uleule ningeweza kumfunga yeyote.
Nikafuta. Nikaandika kwa lugha ya unga wa mama:
Haiamini taa ya kijani mpaka aguse.
Kisha nikaifasiri, ikapungua kidogo njiani,
na mtambo ukaikataa: maneno hayatoshi, ongeza.
Nikaongeza, "na mara nyingi huchelewa kufika."
Ukakubali.

Alhamisi akaja Khalfan, kucha nyeusi za mafuta,
akasoma kwa midomo, pole pole, mara mbili.
"Sasa hii ni ngapi juu ya kumi?"
"Safu hiyo imeng'olewa, baba Muhanna."
"Imeng'olewa."
Akaigeuza karatasi, labda namba imejificha nyuma.
Kalamu nyekundu ilikuwa mfukoni mwangu, na wino wake tele,
nami, sitadanganya, mkono ulikwenda.
"Basi niambie, mwalimu,
nimnunulie nini?"

Nikafungua mdomo.
Chini ya meza Muhanna alikuwa keshapiga goti,
anakizungusha kiti changu,
kile kinacholia tangu mwaka juzi,
anasikiliza
kinalilia wapi.